Damu ya karibu ikimbie, damu ya mbali izae

Jumapili ya tarehe 29 Novemba 2020, kwenye uwanja wa mbio wa Tokyo, waliingia farasi watatu ambao kila mmoja alikuwa ameshatwaa mataji yake matatu, yaani zile mbio kuu tatu za farasi wa miaka mitatu. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea Japani. Almond Eye, jike wa miaka mitano, alikuwa anaaga. Contrail, dume, na Daring Tact, jike, wote wa miaka mitatu, walikuwa hawajaonja kushindwa. Mita 2,400 za Japan Cup zilipokwisha, bi mkubwa alikuwa mbele, Contrail wa pili, Daring Tact wa tatu.

Siku nne baadaye ikatoka Derby Stallion ya Nintendo Switch, mchezo wa video wa kuzalisha farasi wa mbio, na tangu hapo usingizi wangu haujatengemaa.

Naanza na mbio hizo kwa sababu wachezaji wenzangu bado wanazitumia kama ushahidi. Mama yake Almond Eye ni binti wa Sunday Silence, dume aliyeijaza Japani damu yake, na baba yake, Lord Kanaloa, hana hata tone la Sunday Silence. Daring Tact anaye Sunday Silence pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Basi, wanasema, damu ya mbali imeipiga damu ya karibu mchana kweupe, kesi imekwisha. Wengine wanajibu kwamba bila hiyo damu ya karibu Daring Tact asingefika hata langoni pa mbio zile. Ugomvi huu una umri sawa na mchezo wenyewe, na mimi naona pande zote mbili zinauliza swali nusu. Ukiniuliza kama umpandishe jike wako kwa ndugu au kwa mgeni, nitakurudishia swali: mtoto atakayezaliwa unamtaka akimbie, au unamtaka azae?

Kwa asiyeujua mchezo, Derby Stallion ulianza mwaka 1991 kwenye Famicom, mashine ya zamani ya Nintendo, kazi ya Mjapani Hiroyuki Sonobe. Unapewa shamba dogo, pesa kidogo na jike wa kawaida. Kila mwaka unafungua orodha ya madume, kila mmoja na ada yake, unachagua, unalipa. Mtoto anazaliwa, anakua, anakwenda kwa mkufunzi, anakimbia, na akistaafu kama ni jike unaweza kumrudisha shambani azae naye. Hakuna kushika usukani, hakuna kupiga mtu risasi. Utamu wote umo kwenye ule uamuzi mmoja wa dume gani. (Uma Musume, ambao vijana wengi wameujua tangu toleo lake la Kiingereza lilipotoka mwaka 2025, ni kitu kingine. Kule farasi ni wasichana wanaokimbia kisha wakapanda jukwaani kuimba, na habari ya kupandisha haipo.)

Lugha ya wachezaji ni namba mbili zenye alama ya kuzidisha katikati. Ukiona Northern Dancer 3×4, maana yake babu wa jina hilo yumo kwenye kizazi cha tatu upande wa baba na kizazi cha nne upande wa mama. Mzazi anatoa nusu ya damu, babu robo, wa kizazi cha tatu asilimia 12.5, wa kizazi cha nne asilimia 6.25. Jumlisha hizo mbili za mwisho upate 18.75. Wajapani wameipa hesabu hiyo jina lake: kiasi cha damu cha muujiza. Orfevre, aliyetwaa mataji matatu mwaka 2011, ana Northern Taste 4×3. Frankel, aliyekimbia mara 14 Uingereza na kushinda zote 14, ana Northern Dancer 3×4. Daring Tact ana Sunday Silence 4×3. Mchezaji mpya akishayasoma hayo anaisaka 18.75 kama mtu aliyeota namba ya bahati nasibu.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Ile 18.75 inapima ukubwa wa jina kwenye karatasi. Kinachotendeka mwilini kina kipimo kingine, alichokitoa Mmarekani Sewall Wright mwaka 1922, nacho kinauliza hivi: kuna uwezekano gani kwamba mtoto amepokea nakala ileile ya jeni, ya babu yuleyule, kutoka kwa baba na kutoka kwa mama kwa pamoja? Kwa 3×4 jibu ni moja ya 64, yaani asilimia 1.56. Huo ni undugu wa kusalimiana msibani. Ukija kwenye 3×2, inafika asilimia 6.25. Ukifika 2×2, yaani baba na mama waliozaliwa na dume mmoja kwa mama tofauti, ni asilimia 12.5. Tazama ngazi zinavyopanda: kila kizazi kimoja unachosogea, namba inakuwa mara mbili. Anayesema "3×4 imeleta bingwa, basi 2×3 italeta bingwa zaidi" ameizidisha hatari mara nne huku akidhani ameongeza chumvi kidogo.

Na kwa nini iwe hatari? Kila farasi amebeba kasoro fulani zilizolala, zinazofunikwa na nakala nzima ya upande wa pili. Mtoto akipokea nakala ileile pande zote mbili, hakuna tena kifuniko. Kama nakala ilikuwa ya kasi, umepata kasi isiyochanganyika. Kama ilikuwa ya mfupa mwepesi, umepata hiyo pia. Huwezi kumwambia babu alete hiki aache kile.

Derby Stallion inalifuata wazo hilo kwa namna yake. Baadhi ya mababu wamepewa sifa, huyu kasi, yule pumzi ya mbio ndefu, na jina lenye sifa likijirudia karibu, mtoto anaongezewa sifa hiyo. Bei yake inakatwa kwenye tabia na afya: mtoto anakuwa mkorofi, au mwili wake hauvumilii mazoezi. Ukisogea karibu kupita kiasi, Wajapani wanasema umefanya mchanganyiko wa hatari. Upande wa pili ipo michanganyiko ambayo mchezo wenyewe unaisifu kwa sababu koo zilizokutana ni nyingi na tofauti. Kwa hiyo Sonobe hakumpendelea yeyote. Wa damu ya karibu anaweza kupaa na anaweza kuvunjika. Wa damu ya mbali, mara nyingi, atafika.

Mimi nilifunzwa na Kaskazi.

Mchezo ni wa Kijapani mtupu, na jina la farasi huandikwa kwa katakana, herufi zisizozidi tisa, kama ilivyo kanuni ya mbio za kweli za Japani. Kaskazi akawa "Kasukaji" na nikamwacha hivyo hivyo. Alikuwa jike wa bei ya chini aliyeshinda mbio mbili za vichochoroni. Nilipomrudisha shambani nikampeleka kwa dume ambaye baba yake ndiye babu mzaa mama wa Kaskazi. Kwa lugha ya nyumbani, nilimpandisha kwa mjomba wake: 2×3 kwenye jina la kasi. Akazaliwa Tufani. Mbio zake za kwanza alimwacha wa pili kwa urefu wa farasi saba, nikaita watu waje kuangalia marudio. Mbio za tatu alitoka langoni kwa kuchelewa, akashinda vilevile. Kisha, wiki moja kabla ya Derby, ikatokea ile sentensi ambayo kila mchezaji anaitambua hata kama Kijapani chake ni cha kuungaunga: kano ya mguu wa mbele imevimba. Akapumzishwa miezi. Akarudi, akakimbia mara moja, kano ikavimba tena. Mbio nne, ushindi mara tatu, kwisha habari yake.

Msimu uliofuata, kwa hasira, nilimpeleka Kaskazi kwa dume wa ada ndogo ambaye hata jina lake limenitoka. Kwenye ile skrini ya nasaba hapakuwa na jina moja lililogusana na jingine. Akazaliwa Matlai. Matlai alikimbia mara 19 akashinda mara tatu, zote siku ambazo hata mimi mwenye farasi nilikuwa nabonyeza vitufe huku naangalia taarifa ya habari. Hakuwahi kuumia. Nilimrudisha shambani kwa huruma tu. Kila mtoto aliyemzaa alifika uwanjani. Wa tatu nilimpata kwa mjukuu wa lile dume la kasi, 3×4, naye akaniletea Oaks ya Japani, mbio kubwa ya majike wa miaka mitatu.

Msomaji makini atasema hadithi moja si takwimu, na ana haki yake. Lakini hebu twende Muheza kidogo.

Shangazi yangu anafuga kuku wa kienyeji huko. Likizo moja nilimkuta amemfunga kamba miguuni jogoo wake mkubwa mwekundu, anajiandaa kumpeleka kwa jirani.

"Shikamoo shangazi. Huyu si ndiye jogoo wako bora?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiye. Na mitetea yote hii unayoiona ni mabinti zake. Ikianza kutaga, atampanda nani?"

Alirudi jioni na jogoo wa jirani, mwembamba, shingo haina manyoya, anatembea kama mtu aliyekopa viatu. Nikamcheka. Shangazi akasema yeye hatafuti jogoo wa kuonyesha wageni, anatafuta mayai yaanguliwe. Wafugaji wengi wa huku wanalijua hilo bila kumsoma Sewall Wright: hasara ya damu ya karibu si lazima uione kwa mnyama mwenyewe. Subiri mayai.

Mfano wake mkubwa katika mbio za farasi ni Coronation. Mfaransa Marcel Boussac, tajiri wa viwanda vya nguo, yuleyule aliyetoa mtaji wa nyumba ya mitindo ya Christian Dior, alikuwa na dume aitwaye Tourbillon. Alimchukua Djebel, mtoto wa Tourbillon, akampandisha kwa Esmeralda, binti wa Tourbillon. 2×2. Mtamba aliyezaliwa alishinda Prix de l'Arc de Triomphe mwaka 1949, mbio kubwa kuliko zote za Ulaya bara. Ungekuwa mchezaji wa Derby Stallion ungerukaruka sebuleni. Kisha akapelekwa shambani, na huko hakuacha mtoto.

Boussac aliendelea kupandisha humo humo kwenye damu yake. Wapo wanaosema ndiyo iliyomwangusha. Nadhani wanamwonea kidogo, kwa maana biashara yake ya nguo nayo ilikuwa inakufa, na shamba lisilo na pesa haliwezi kulipia dume wa nje. Mwaka 1978 akafilisika, na farasi wake wakanunuliwa na Aga Khan wa nne, Karim, yule ambaye huku kwetu tunamjua zaidi kwa hospitali na shule. Tazama kilichofuata. Katika kundi hilo alikuwemo jike aitwaye Delsy. Alipandishwa kwa Shirley Heights, mshindi wa Derby ya Uingereza ya 1978, akazaliwa Darshaan, naye mwaka 1984 akashinda Derby ya Ufaransa akiwaacha nyuma Sadler's Wells na Rainbow Quest. Zile damu za Boussac zilikuwa bado zina thamani. Zilikuwa zinangoja jogoo wa jirani.

Sadler's Wells huyo huyo aliyeshindwa siku ile ndiye silaha ya wanaonipinga. Alikuja kuwa dume mkubwa wa zama zake, na mjukuu wake Nathaniel akampata Enable kwa jike aitwaye Concentric, binti wa Sadler's Wells. 3×2. Enable alishinda Arc mwaka 2017 na 2018, na mbio za King George za Uingereza mara tatu, ya mwisho mwaka 2020 akiwa na miaka sita. Miguu yake ilivumilia, kichwa chake kilitulia. Nikisema damu ya karibu inavunja farasi, nitaonyeshwa Enable, na sina la kumjibu mtu kuhusu Enable.

Nina la kujibu kuhusu orodha. Majina tunayoyataja, Enable, Frankel, Orfevre, ni ya waliofika. Aliyezaliwa 3×2 akashindwa hata kusimama sawasawa hana ukurasa, hana picha, hana mtu wa kumtaja kwenye ubishi. Mwaka 2022 watafiti waliofanya kazi na chuo cha University College Dublin walitoa matokeo ya kuwapima farasi kwa jeni zao zenyewe badala ya majina ya karatasini, wakaona kwamba undugu ukipanda kwa asilimia 10, uwezekano wa farasi kukimbia hata mara moja maishani unashuka kwa asilimia 7. Ona walichouliza: amefika uwanjani au hakufika? Ushindi ni habari ya baadaye. Tufani wangu alifika, akafika kwa kishindo. Wangapi kama yeye niliwafuta kabla hawajapewa jina?

Na hapo ndipo penye uongo wa mchezo, uongo tunaoushiriki sisi wenyewe. Mchezaji wa Derby Stallion anahifadhi mchezo kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto akija na maneno ya baridi kutoka kwa meneja wa shamba, anazima, anawasha, mimba inazaa mtoto mwingine. Nimefanya hivyo mara ngapi? Mwulize chaji ya Switch yangu. Ukiwa na uwezo huo, damu ya karibu inakuwa biashara isiyo na hasara: unachukua waliopaa, waliovunjika hawakuwahi kuwepo. Zama za Super Famicom wachezaji wa Japani walikuwa wanamgeuza farasi wao kuwa mfuatano wa herufi, wanamtuma kwenye mashindano dhidi ya farasi wa wengine. Pale ulihitaji mnyama mmoja, kwa mbio moja. Hakuna aliyeuliza kama atazaa. Ni lazima wataalamu wa mashindano hayo wawe mabingwa wa damu ya karibu, na ushauri wao mwingi umetoka huko. Kwa mashindano yale ni ushauri safi kabisa. Kwa mtu anayejenga shamba la miaka 30 ya mchezo bila kuzima na kuwasha, ni sumu ya polepole.

Jaribu kucheza hata mara moja bila kurudisha mchezo nyuma. Kila anayezaliwa umlishe, umpeleke kwa mkufunzi, umlipie. Nilipofanya hivyo nilifilisika mwaka wa saba, nikiwa na madume watatu wa kasi ya ajabu kwenye zizi la wagonjwa.

Japani ya kweli imetoa somo zuri kuliko mchezo wowote, na linahitaji saa kuliko rula. Sunday Silence alizaliwa Kentucky mwaka 1986, akashinda Kentucky Derby na Preakness mwaka 1989, na hata hivyo wafugaji wa kwao hawakumchangamkia. Zenya Yoshida akamnunua akampeleka Hokkaido. Alipofika alikuwa mgeni kwa majike wengi wa nchi ile. Alikufa mwaka 2002, lakini aliongoza orodha ya madume wa Japani kuanzia 1995 hadi 2007 bila kuvuliwa kiti. Matokeo yake, ukitafuta jike mzuri Japani miaka ile unakuta ni binti yake au mjukuu wake. Mgeni amekuwa babu wa kijiji kizima.

Wafugaji walifanya nini? Kwanza walitafuta mtu wa nje ya ukoo. King Kamehameha, mshindi wa Derby ya Japani ya 2004, hakuwa na Sunday Silence. Mabinti wa Sunday Silence walipelekwa kwake kwa wingi, kisha kwa mwanawe Lord Kanaloa, na huko ndiko alikotoka Almond Eye. Walisubiri. Kizazi kikapita, jina la Sunday Silence likarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Dume Epiphaneia analo kizazi cha tatu, kupitia kwa mama yake Cesario, mtoto wa Special Week, mwana wa Sunday Silence. Watoto wake wanalikuta kizazi cha nne. Sasa akipelekewa jike ambaye mama yake au baba yake ni mtoto wa Sunday Silence, unapata 4×3, na hapo ndipo alipotokea Daring Tact mwaka 2020 na Efforia aliyeshinda mbio kubwa za Satsuki Sho, Tenno Sho ya vuli na Arima Kinen mwaka 2021. Miaka kumi nyuma ilikuwa vigumu kuipata hesabu hiyo. Madume wa ukoo huo walikuwa wangali karibu mno na majike wao.

Ndiyo maana siikubali Japan Cup ya 2020 kama hukumu. Almond Eye na Daring Tact ni saa mbili tofauti za mpango uleule. Na tukitaka kuwa wakali, Almond Eye mwenyewe ana Nureyev 5×3, kwa hiyo hata huyo wa damu ya mbali hakuwa mgeni kamili. Wapo wanaotaja kwamba Daring Tact aliumia mguu baadaye na hakushinda tena, wakasema mnaona? Farasi huumia. Kumchukua mmoja ukamsomea undugu kwenye kano yake ni kupiga ramli.

Tena hiyo damu ya mbali tunayoisema ni ya makubaliano tu. Wafugaji huiita hivyo pale ambapo hakuna jina linalojirudia ndani ya vizazi vitano. Kizazi cha sita hakuna anayeangalia, na mchezo nao unafumba macho hapo hapo. Lakini farasi hawa wa mbio wanatoka kwenye daftari la nasaba lililoanza kuchapishwa Uingereza mwaka 1793 na tangu zamani halipokei damu ya nje. Kwa mstari wa baba tupu, takriban asilimia 95 ya madume wanamrudia mmoja, Darley Arabian, aliyenunuliwa Aleppo na kupelekwa Uingereza mwaka 1704. Kila mgeni tunayempata ni ndugu aliyehamia mtaa wa pili. Marekani walijaribu kupunguza msongamano: mwaka 2020 Jockey Club, wanaosajili farasi hawa, ikatangaza kwamba madume watakaozaliwa kuanzia mwaka huo wasipandishwe majike zaidi ya 140 kwa msimu. Mashamba makubwa yakaenda mahakamani, na mwaka 2022 kanuni ikafutwa. Kila shamba lilikuwa na hesabu yake nzuri ya mwaka ule, kama mimi na Tufani.

Hilo ndilo ningependa mbunifu alitie kwenye toleo lijalo. Kwenye Derby Stallion kila mtoto anatozwa undugu wake mwenyewe, basi, deni limekwisha. Madume wapya huletwa kwenye orodha, ukoo haujazi nchi. Natamani mchezo ambao dume nililolipenda mimi na wachezaji wengine laki moja linaanza kuziba njia baada ya miaka 15, ada za wasio na jina hilo zinapanda, na majike wa kawaida kama Matlai wanagombewa kwa bei. Sonobe angeuelewa. Aliwahi kumiliki farasi wa kweli, akamwita Balance of Game, akashinda naye mbio za Yayoi Sho mwaka 2002 na Nakayama Kinen mwaka 2006. Hakupata ushindi wa daraja la kwanza hata mmoja, lakini alikuwa farasi wa kwenda na kurudi, msimu baada ya msimu. Ukiniambia nichague kati ya huyo na Tufani, leo nitasita. Miaka mitatu iliyopita nisingesita.

Ninapoandika, shamba langu liko mwaka wa 24. Mjukuu wa Matlai yuko tayari kupandishwa, na kwenye orodha wamo wawili ninaoweza kuwalipia. Mmoja atanipa 3×3 kwenye jina la kasi. Joki wa kwenye mchezo ataimba. Wa pili hana jina linalogusana na lolote, ada yake ni ya kununulia nyasi, na kwenye picha ana shingo nyembamba mno. Sijahifadhi. Nimemlipia wa pili, na jina la mtoto nimeshaliandaa: Jogoo wa Jirani. Kwa katakana ni herufi nane. Imebaki nafasi ya moja.